Mwenye Kufungwa Hulipa



Mwishoni mwa Shaaban tulisafiri kwenda Nairobi kwa ajili ya maziko ya jamaa yetu katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor, na kwa kuwa dada yetu anakaa karibu na hapo, mtaani Ziwani, tukalala kwake siku tatu. Wasomaji wa pwani wasioujua mtaa huo wafahamu kwamba ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands, iliyojengwa na baraza la mji zama za Mwingereza kwa ajili ya wafanyakazi. Nyumba ni ndogo na familia ni kubwa. Kariokor yenyewe, jirani yake, imepata jina kutokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi waliochukuliwa kwa maelfu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Pumwani na misikiti yake haiko mbali, na adhana yasikika.

Siku ya pili, baada ya alasiri, dada alitushtakia mwanawe. Ana miaka 14, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akiaga kwenda madrasa wala asifike. Mwalimu alikuwa amekwisha kutuma salamu mara mbili. "Kaka, wewe ni sheikh," alisema dada, "nenda ukamtoe huko kwenye PlayStation, na jioni uwatangazie watu msikitini kwamba kile kibanda ni haramu."

Tulikwenda. Kibanda ni chumba cha mabati chenye pazia mlangoni, televisheni nne na mabenchi ya mbao. Tulidhani tungekuta kelele. Tulikuta kimya kama cha watu wanaosubiri jeneza litolewe. Mwenye kibanda, kijana wa miaka ishirini na ushei, alipoiona kanzu yetu alizima sauti ya mashine zote, akatupa mkono kwa adabu na kutukaribisha. Alitueleza, bila ya kuulizwa, kwamba yeye huzima sauti kila adhana inapoadhiniwa. Ni kweli, na twamshukuru kwa hilo, ingawa picha huendelea.

Mpwa wetu alikuwa kwenye benchi la mbele, pedi mkononi, akicheza mpira wa FIFA. Alitutazama kama aliyetazamwa na Malaika wa mauti. Tukamuuliza pesa za kucheza tangu adhuhuri amezitoa wapi, na hapo uso wake ukabadilika, akajibu kwa fahari kidogo: "Mjomba, mimi sijatumia hata shilingi moja. Hapa mwenye kufungwa ndiye hulipa."

Mchezo mmoja ni shilingi 20. Aliyefungwa huzitoa, aliyeshinda hubaki kitini akimsubiri mwingine. Mpwa wetu alikuwa amebaki kitini tangu adhuhuri. Kando yake alikaa mtoto mdogo kuliko yeye, wa miaka kama 11, na baina ya miguu yake palikuwa na chupa tupu ya plastiki. Alikuwa ametumwa mafuta ya taa. Alifungwa mara tano, na zile shilingi 100 zilikuwa zimekwisha kuingia katika mkebe wa mwenye kibanda.

Ndugu msomaji, tulikwenda pale tukiwa na hotuba yetu tayari kuhusu kupoteza wakati, na tulipoiona ile chupa hotuba ikatutoka kichwani. Wakati ni jambo kubwa. Sote twaijua ile hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), aliyoipokea Bukhari, kwamba watu wengi wamepunjika katika neema mbili, afya na faragha. Lakini pale Ziwani palikuwa na jambo jingine, na wazazi wengi hawalijui kwa sababu hawaingii ndani. Husimama njeni wakaita.

Fuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameieleza kamari kuwa ni kila mchezo ambao kila mmoja wa wachezaji amesimama baina ya kupata na kukosa, kwa mali itokayo kwao wenyewe. Dau la mashindano limeruhusiwa, kwa mujibu wa hadithi, katika mbio za ngamia, mbio za farasi na shabaha ya mishale, mambo ya kumwandaa mtu kwa jihadi, na hata humo lina masharti yake. Vijana walitujibu, na hoja yao haikuwa ya kijinga, kwamba hakuna anayeondoka na pesa za mwenziwe. Ile shilingi 20 ni kodi ya mashine tu. Tukawaambia: mashine mmeikodi wawili, basi kodi ni deni la wawili, shilingi 10 kwa 10. Mnapokubaliana kwamba mmoja wenu ataubeba mzigo wote kwa sababu ya kufungwa, ile nusu ya mwenziwe imekuwa dau. Aliyeshinda amepata kumi, aliyefungwa amepoteza kumi. Wakinyamaza. Mmoja wao, nadhani mkubwa wao, alisema chini kwa chini kwamba basi wamekuwa wakicheza kamari tangu darasa la nne.

Hatukutangaza chochote msikitini jioni ile, na dada hakufurahi. Hatukuona njia ya kuuharamisha mpira wa kwenye televisheni, wala ile michezo ya mbio za magari, ilhali Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wake, na Bibi Aisha (R.A.) akiwatazama. Ipo michezo mingine humo ambayo hatungependa mtoto wetu aiguse, yenye uchi na mauaji ya kujifurahisha, na mwenye kibanda alikiri kwamba anayo miwili. Hiyo haihitaji sheikh kuitolea hukumu; mama yeyote akiitazama kwa dakika mbili ataitoa mwenyewe.

Usiku, baada ya isha, tulimwambia kijana atuonyeshe anachokitazama katika simu ya mama yake. Alidhani ni mtego. Akaanza kwa uangalifu na Supa Modo, filamu ya hapa Kenya ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ya msichana mgonjwa wa maradhi yasiyo na dawa anayetamani kuwa shujaa wa ajabu, na kijiji chake kikakubaliana kumchezea ili aamini kwamba ana nguvu hizo. Twakiri kwamba macho yetu hayakubaki makavu, na kwamba tulimlaumu moshi wa jikoni. Baada ya hapo akapata ujasiri, akatuletea za Marekani: Black Panther, kwa sababu yumo Lupita Nyong'o, na nyingine alizonazo zikisimuliwa kwa Kiswahili cha Nairobi na DJ Afro. Mwisho akafika kwa Batman, na katika kututajia maadui wake akasema jina lililotuinua kitini.

"Ras al Ghul."

Tukamwambia arudie. Akarudia. Tukamuuliza kama anamjua Ras al-Ghul ni nani. Akasema ni yule adui mzee anayejua kupigana kwa upanga na asiyekufa. Tukamwambia: huyo sisi tulimjua kabla ya baba yako kuzaliwa. Upo Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotungwa kwa Kiswahili na Mgeni bin Faqihi katika karne ya 19, beti zaidi ya 4,000, na humo Ras al-Ghul ni mfalme dhalimu wa Yemen ambaye Sayyidna Ali na masahaba wanakwenda kupigana naye. Utotoni mwetu palikuwa na mzee aliyekuwa akiusoma usiku, kwa mahadhi, na sisi watoto tukikatazwa kulala kabla ya Ali kufika. Kijana alitutazama kana kwamba ndio kwanza atuone. Waamerika wamelichukua jina la Kiarabu wakamvisha mtu wao. Wazee wetu waliichukua hadithi nzima ya Kiarabu wakaivisha Kiswahili.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wazee. Maulamaa wa hadithi hawavikubali visa hivyo vya vita vya Yemen, havina sanadi. Mababu zetu walikesha, na machozi yakiwatoka, kwa mambo ambayo hayakutokea, na yaliyonasibishwa na Mtume na masahaba zake. Batman angalau hakuna anayedai kwamba ni sahaba. Kwa hiyo tunapowaambia watoto kwamba zamani watu hawakupoteza nyusiku zao kwa hadithi za kubuni, hatusemi kweli, nao siku moja watagundua.

Wala si mababu peke yao. Katika miaka ya themanini sisi, tukiwa wanafunzi wa madrasa, tulikuwa tukificha chini ya jamvi Kufa na Kupona cha A. E. Musiba, tukimfuata Willy Gamba huku wenzetu wakikariri. Kabla yake tulimpitia Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale. Siku mwalimu alipokiona kile kitabu cha Musiba alitupiga fimbo sita na kukichukua. Alikirudisha baada ya wiki tatu, na ukurasa wa katikati ulikuwa umekunjwa pembe. Sisi hatukuwa tumefika ukurasa huo. Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu mwema.

Kisa tulichomsimulia kijana usiku ule ni cha Nadhr bin Harith. Katika Sira imekuja kwamba mtu huyu, katika makureshi, alikwenda Hira akajifunza habari za wafalme wa Uajemi na za mashujaa wao, Rustam na Isfandiyar. Kila Mtume (S.A.W.) alipokaa na watu akawakumbusha Mwenyezi Mungu kisha akainuka, Nadhr alikikalia kiti chake na kuwaambia kwamba hadithi zake yeye ni nzuri zaidi. Wapo wafasiri wanaosema kwamba ile aya ya sita ya Sura Luqman, yenye kutaja maneno ya upuuzi yanayonunuliwa ili kupoteza watu, ilishuka kwa ajili yake, Ibn Mas'ud (R.A.) aliifasiri kuwa ni nyimbo. Kijana akauliza swali zuri: je, Rustam alikuwa mtu mbaya? Tukamwambia hatujui kwamba alikuwa mbaya. Kosa la Nadhr halikuwa katika Rustam. Alingoja Mtume ainuke, akakaa pale pale.

"Kama mimi na saa za madrasa," akasema. Hatukumjibu.

Ila tusije tukamfanya kila shujaa wa kubuni kuwa Nadhr. Imepokewa na Abu Daud kwamba upepo ulifunua pazia la Bibi Aisha, vikaonekana vidoli vyake, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (S.A.W.) alipouliza farasi gani huyo mwenye mbawa, akajibiwa na mkewe kwa kuulizwa: hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakumpasulia farasi wake.

Asubuhi ya siku ya tatu tulirudi kibandani kuzungumza na mwenyewe. Tulimwomba mambo matatu: kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya kushika pedi, mtoto mwenye chupa au kikapu cha dukani asiingizwe, na wenye madrasa wasichezeshwe baina ya alasiri na magharibi. La chupa alikubali papo hapo, na akaona haya. La madrasa akasema atajaribu, ila yeye hajui nani ni wa madrasa na nani si wa madrasa. Kuhusu la kwanza alitwambia ukweli: "Sheikh, hiyo ya kufungwa ndiyo huwarudisha. Aliyefungwa hurudi kesho kutafuta kisasi. Wakilipa nusu nusu, kodi ya chumba nitaitoa wapi?" Tulimpa jibu la riziki, ambalo ni la kweli, lakini tuliona kwamba kulitoa ni rahisi kwa mtu ambaye kesho anapanda basi. Jirani hapo hakuna uwanja ulio wazi kwa watoto. Jumuia ya msikiti ingeweza kumkodisha yule kijana chumba kwa bei nafuu zaidi kwa sharti hilo moja, na tumewaandikia. Hawajajibu.

Ikabaki chupa. Tulimwambia mpwa wetu kwamba ana deni. Alifikiri kidogo akasema: "Michezo mitano, mjomba, nusu nusu. Mimi nadaiwa hamsini, si mia." Hesabu yake ilikuwa sahihi kifiqhi na tulifurahi, ingawa tulificha. Alizitoa katika pesa zake alizoziweka kwa ajili ya Idi, nasi tukatia hamsini nyingine, tukaenda pamoja mpaka mlangoni kwa yule mtoto. Mama yake si Muislamu, na alishtuka kumwona sheikh mlangoni. Alizipokea, akauliza ni za nini. Watoto wote wawili wakatutazama sisi. Tukamwambia kijana aseme mwenyewe. Akasema, sauti ikimkauka, kwamba alikuwa amecheza na pesa za mafuta za mwanawe. Yule mama aliguna, akasema jana walikula gizani, kisha akatuletea maji ya kunywa.

Tumerudi Mombasa tangu wakati huo. Tuliagana na kijana kwamba kila Alhamisi baada ya isha tutamsomea kwa simu beti 20 za Rasi 'lGhuli, kwa sharti la kumkumbusha kila mara kwamba ni hadithi tu, naye atusomee nusu ukurasa wa Qur'ani kabla yake. Alhamisi tatu alishika simu kwa mlio wa kwanza. Juma lililopita hakushika. Mama yake alisema ametoka, yuko kule kule. Saa nne usiku akapiga mwenyewe, akaomba radhi, akasema amefungwa mabao matatu kwa moja na kwamba kila mtu alilipa nusu yake. Kisha akauliza kama ni kuchelewa mno kusoma.