FAIDA I KATIKA UZI

Pwani yetu, tangu Kilwa mpaka Mikindani na mlango wa Ruvuma, imeijua hariri kwa karne nyingi kama nguo iletwayo na majahazi. Wachache hukumbuka kwamba ni kazi ya kiwavi. Mdudu huyu hula majani ya mforsadi kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha hujizungushia kifuko cha uzi mmoja ambao urefu wake waweza kupita mita 900. Mfugaji hana budi kukitia kifuko katika mvuke au maji ya moto kabla nondo hajakitoboa. Akichelewa, uzi umekatika. Hapo gundi hulainika, ncha hutafutwa, na nyuzi za vifuko kadhaa huvutwa pamoja.

Basi faida i katika mkono uvutao uzi. Watu wa Mtwara walijifunza somo hili kwa uchungu. Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa katika miaka ya 1970. Vingi vikafungwa, korosho ghafi zikapelekwa India, na kazi ikaondoka nazo.

Huko Kenya, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970, imewasaidia wakulima wa Mwingi kuzalisha hariri na kuitengeneza karibu na mashamba yao. Njia hiyo twaisifu. Atakayeleta mforsadi Mtwara na alete pia gurudumu la kuvutia uzi, siku ile ile. Tusije tukauza vifuko kama tulivyouza korosho.