Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao ni wapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwa miaka mingi niliitumia methali hiyo darasani bila kuitilia shaka, hadi nilipofikisha umri wa miaka arobaini na mitatu na kuanza kujifunza kupiga kinanda cha mdomo kwa mtindo wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Chombo hicho kidogo, kinachotoshea katika mfuko wa shati, kimenifunza jambo kuhusu makosa ya wanafunzi ambalo shahada zangu tatu hazikunifunza. Naona si vyema nilifiche.

Kwanza nikieleze chombo chenyewe. Kinanda cha kawaida cha bluzi kina matundu kumi, na kila tundu lina ndimi mbili za shaba: mmoja hulia unapopuliza, wa pili hulia unapovuta pumzi. Mpangilio wa sauti zake ulibuniwa Ulaya katika karne ya 19, na kampuni iliyokieneza kuliko nyingine zote, Hohner, ilianzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka wa 1857. Waliowahi kuimba katika kwaya watanielewa kwa urahisi. Ukipuliza, po pote utakapoweka midomo, utapata do, mi na so. Ukivuta utapata sauti zilizosalia, pamoja na so nyingine katika tundu la pili. Upande wa chini, fa na la hazimo kabisa. Waundaji waliziacha makusudi ili sauti zinazolia pamoja zipatane vizuri. Lengo lao lilikuwa nyimbo za kienyeji za Ulaya, zinazoanza kwa do na kurejea kwa do kama ng'ombe warejeavyo zizini jioni.

Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wangu aliyekuwa baharia aliniletea kinanda kama hicho. Sikuwa na mwalimu wala kitabu. Nikatambua kwamba kuvuta kulikuwa na utamu kuliko kupuliza, nami nikawa navuta zaidi na kumalizia nyimbo zangu kwa so. Siku moja mwalimu wa muziki alinisikia. Aliniamuru nipige mbele ya darasa, kisha akasema, "Wimbo hauishii hapo. Rudi nyumbani, rudi kwa do." Wenzangu wakaangua kicheko. Nilikitia kinanda sandukuni, nacho kikakaa humo karibu miaka thelathini.

Simlaumu mwalimu wangu. Kwa kanuni alizozijua, alisema kweli. Asilolijua ni kwamba wapigaji weusi wa Kusini mwa Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa wakifanya jambo hilo hilo kwa makusudi na kwa ufundi mkubwa. Walichukua kinanda cha Mjerumani, wakaihamisha nyumba. Sauti iliyokuwa so wakaifanya do yao mpya.

Tazama matokeo yake. So inapokuwa nyumbani, fa ya zamani hugeuka kuwa ti iliyoshushwa kwa nusu toni, nayo ndiyo mojawapo ya sauti zinazoupa muziki wa bluzi ule uchungu wake. Fauka ya hayo, ukivuta katika matundu manne ya kwanza kwa pamoja, unapata mwafaka wa sauti wa nyumba hiyo mpya. Zaidi ya yote, sauti za kuvuta za upande wa chini zinaweza kupindwa kwa kubadili umbo la ulimi na kinywa. Sauti ya tundu la tatu hushuka hadi nusu toni tatu. Fa na la ambazo Mjerumani aliziacha hupatikana humo humo: fa kwa kupinda tundu la pili, na la kwa kupinda la tatu. Pengo likawa mlango.

Wapigaji huuita utaratibu huu mkao wa pili. Mkao wa kwanza ni ule wa mwalimu wangu, yaani kinanda cha C kwa wimbo wa C. Katika mkao wa pili, kinanda hicho hicho cha C hupigia wimbo wa G. Anayeanza hukosea papo hapo: akiambiwa wimbo uko katika G, anatafuta kinanda chenye herufi G. Njia rahisi ni kuhesabu kwa vidole herufi nne kuanzia ufunguo wa wimbo: G, A, B, C. Wimbo wa A huhitaji kinanda cha D, na wimbo wa E huhitaji cha A. Marion Jacobs, aliyefahamika kwa jina la Little Walter, alirekodi "Juke" mwaka wa 1952 kwa namna hiyo, kinanda cha A katika ufunguo wa E, na wimbo huo usio na maneno ukaongoza orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi mwaka huo.

Upo pia mkao wa tatu, ambapo re ndiyo nyumbani. Kinanda cha C hapo hupigia wimbo wa D, na sauti yake ina huzuni ya aina nyingine, kwa kuwa re, fa na la zikivutwa pamoja hutoa mwafaka mdogo. Kinadharia mikao ni kumi na miwili, ijapokuwa wapigaji wengi huridhika na hiyo mitatu.

Nadharia hii niliielewa kwa jioni moja. Kuitenda kumenichukua miezi. Tundu la pili la kuvuta lilikataa kunililia kwa wiki mbili, nikaamini kwamba kinanda kimeharibika. Kumbe hitilafu ilikuwa katika pumzi zangu. Nilikuwa nikivuta kwa pupa badala ya kuuacha upepo upite. Ni vyema mhadhiri awe mwanafunzi mbumbumbu mara moja moja.

Mtaalamu wa isimu hawezi kuyatazama haya asikumbuke neno "kitabu". Neno hilo ni la Kiarabu, na katika Kiarabu sauti ya "ki" mwanzoni mwake si kiambishi. Ni sehemu ya neno lenyewe. Mswahili alipolipokea, alilisikia kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Akaona "ki" kama ile ya kiti na kisu, akasema "vitabu". Mwarabu mwenye kushikilia kanuni zake angesema hilo ni kosa. Sisi twaliita sarufi. Sauti ni zile zile, kilichohama ni nyumbani.

Sasa niseme linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Lamu. Aliandika "ndia" mahali pa njia, "ndaa" mahali pa njaa, "ndoo" mahali pa njoo. Nilichora misalaba myekundu kumi na miwili, nikamkata alama, na pembeni nikaandika, "Jifunze Kiswahili." Nilimwandikia maneno hayo mtu aliyezungumza Kiamu, lahaja iliyotumiwa kutunga Al-Inkishafi, karne moja na zaidi kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 kukiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hakukosea hata mara moja kwa kubahatisha. Kila palipo na "nj" aliweka "nd", kwa kanuni isiyotetereka. Alikuwa katika mkao wa pili, nami nikamwambia arudi kwa do. Amekwisha hitimu, na alama zake sikumrudishia.

Huenda baadhi ya walimu wakauliza: je, tuache kila mwanafunzi aandike apendavyo? Hasha! Mpigaji anayeshika mkao wa pili huku bendi nzima ikipiga katika ufunguo mwingine ni kero, wala si msanii. Mtihani wa taifa unadai Kiswahili sanifu, na mwanafunzi asiyekimudu ataumia. Lazima afundishwe. Hata hivyo, mpigaji stadi hafundishwi mkao mmoja kwa kutukanwa mwingine. Hufundishwa kutambua wimbo uko katika ufunguo gani, kisha achague kinanda kinachofaa.

Kosa la kubahatisha na kosa lenye kanuni si ndugu. La kwanza linahitaji mazoezi. La pili linahitaji mwalimu mwenye masikio, atakayemwambia mtoto, "Hivi usemavyo ni sahihi kwenu, hapa tunaimba katika ufunguo huu, na njia ya kufika ni hii." Kuyasema hayo hakuchukui muda mrefu kuliko kuchora msalaba mwekundu, na huenda kukamwepusha mtoto na kukitia kinanda chake sandukuni.

Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Basi kabla hatujaamua kumtunza au kumcheka, tumwulize kwanza kwao ni wapi.