Pikipiki inayokata moto na kushika tena

Pikipiki ikizima kabisa, kila mtu nyumbani anajua kuna tatizo. Inayodanganya ni ile inayokata moto sekunde mbili, ikashika yenyewe na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Dereva anasema imekohoa tu, na anaendelea kubeba watu nayo mwezi mzima. Ni sawa na mzazi anayempa mtoto Panadol, homa ikishuka anaacha kumpeleka kupima malaria.

Kwa familia za Ikombe, wilayani Kyela, jambo hili si dogo. Kijiji kimebanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, na kwa miaka mingi watu wake wamefika Matema kwa mtumbwi au kwa miguu. Matema ndiko kwenye hospitali ya KKKT, na jirani yake ni soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi hupeleka vyungu vyao. Kuanzia hapo kwenda Ipinda au Kyela mjini, wengi hubebwa na bodaboda. Anayekaa nyuma mara nyingi ni mama aliyekaa upande, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika mzigo.

Huyo ndiye anayeumia. Injini ikikata moto ikiwa ndani ya gia, tairi la nyuma linavutwa kama limeshikwa breki, na abiria anasukumwa mbele. Ikishika tena huku dereva bado amevuta mafuta, pikipiki inaruka mbele na abiria anabaki nyuma. Aliyekaa upande hana cha kubana kwa miguu. Na kama nyuma kuna lori, hata kuanguka kwa mwendo mdogo ni balaa.

Fundi mzuri hufanya kama daktari: huuliza kwanza, hufungua baadaye. Swali lake kubwa ni moja: inazima wakati gani, na inazimaje?

Ikiwa inapungua nguvu taratibu, inasitasita, kisha inazima baada ya mwendo mrefu, mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Kwenye pikipiki za kabureta petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi, na ili ishuke lazima hewa iingie juu kupitia kitundu kidogo kwenye mfuniko. Kitundu kikiziba kwa tope, petroli inagoma kushuka. Dereva akisimama dakika chache hewa inapenya kidogo kidogo, pikipiki inawaka, naye anaamini imepona. Kipimo chake hakina gharama: ikizima, egesha, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka mara moja, ugonjwa umeonekana. Wakati huo asiwepo mtu mwenye sigara wala kiberiti karibu. Dereva aliyeweka nailoni chini ya mfuniko ili mvua isiingie, ameziba njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Na mvua Kyela si ya kubahatisha, hasa kati ya Machi na Mei. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiingia tangini hukaa chini kabisa, mahali petroli inapotokea. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara nayo inafaa kutazamwa kwenye mwanga kabla ya kumiminwa. Maji huonekana chini kama tabaka au matone yanayotembea. Fundi akimwaga bakuli la kabureta kwenye kikopo safi ataona maji na uchafu, kisha asafishe koki na filta.

Ikiwa inakata ghafla kama mtu amezima swichi, hasa ikipita kwenye shimo au ikikata kona, hapo ni umeme. Iwashe ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, gia nyutro, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Ikizima, nyaya za shingo ya usukani, nyuma ya taa kubwa, zimechubuka au zimekatika ndani ya mpira. Tikisa na ufunguo. Rundo la funguo linaloning'inia hapo huchakaza swichi, jambo ambalo madereva wengi hawalipendi kulisikia. Taa za dashibodi zikifa pamoja na injini, tafuta kwenye swichi, fyuzi na vichwa vya betri. Kama inakata baada ya kupita kwenye dimbwi, anza na kofia ya plagi: huenda imelegea au imeingia maji. Na ile inayozima ikishapata moto sana, kisha inakubali ikipoa, mara nyingi ina koili iliyochoka, na hiyo haitengenezwi kwa kufunga mpira.

Kubadilisha plagi kila inapozima bila kuuliza maswali haya ni kupoteza hela.

Ikitokea njiani, dereva abane klachi, aachie mafuta, aonyeshe indiketa na ateleze taratibu hadi kushoto, nje ya barabara. Asijaribu kuiwasha huku inatembea akiwa na abiria. Mama anayepanda naye ana haki ya kuuliza kabla ya kukaa: "Mwanangu, hii inakata moto?" Akijibiwa "kidogo tu," atafute nyingine. Kofia ngumu ni ya dereva na abiria wote wawili, na kanuni za bodaboda haziruhusu kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Mshikaki wa watoto watatu kwenda shule kwenye pikipiki inayokohoa hauna utetezi wowote.

Kwa mjamzito anayetokwa damu, aliyepata degedege, au anayeumwa kichwa kikali huku macho yakiona ukungu, bodaboda isiwe wazo la kwanza. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure, na huhudumia wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Anayepiga ataje kijiji, hali ya mgonjwa na kama njia inapitika. Namba hiyo iandikwe kwenye simu ya baba, ya mama na ya jirani mmoja, kabla mimba haijafika miezi ya mwisho.