Dawa ya Kichocho na Samaki wa Sindo

Katika Kiswahili, neno dawa hutajia kinachoponya na kinachoua: tuna dawa ya kikohozi na dawa ya panya. Aghalabu utata huu haudhuru. Huko Sindo, ukingoni mwa Ziwa Victoria, waweza kudhuru.

Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya binadamu. Mgonjwa hutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzani wake. Konokono naye huuawa kwa niklosamidi, ambayo iliwahi kuwatibu binadamu tegu. Zote mbili ni dawa. Ila niklosamidi huua samaki pia, na wakazi wa Sindo hula na kusomesha wana kwa omena, ngege na mbuta.

Naam, prazikwanteli haizuii maambukizi mapya. Anayerudi ziwani kuvua au kufua huweza kuugua tena. Wapo basi watakaosema kuwa konokono ndiye adui. Sikubaliani nao. Vidonge, maji ya bomba na vyoo ni njia ndefu, lakini haimnyang'anyi mvuvi riziki. Naye aulizwe kabla ya chochote kiitwacho dawa kumwagwa ziwani.