Nguruwe pori ndiye anayemleta simba shambani

Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, wakulima wengi wa Masasi na Newala huhamia shambani. Hulala kwenye madungu na vibanda vya nyasi ili nguruwe pori wasimalize chakula cha mwaka mzima. Kazi hiyo haikwepeki, lakini ndiyo inayomweka mtu karibu na simba.

Utafiti ulioongozwa na Craig Packer, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300. Matukio mengi yalikuwa kusini mashariki mwa nchi, na yaliongezeka kati ya Machi na Mei, wakati wa mavuno.

Kwa nini wakati huo?

Palipolimwa, wanyama wanaowindwa na simba wamepungua. Nguruwe amebaki, kwa kuwa hujificha vichakani mchana na kula mazao usiku. Simba humfuata, na nyayo za nguruwe huishia shambani, alipolala mtu.

Mwezi nao una nafasi yake. Utafiti wa mwaka 2011 ulibaini kwamba watu hushambuliwa zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa kati ya magharibi na saa nne usiku. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, hivyo giza huingia watu wakiwa bado nje, na simba ana njaa baada ya usiku wa mbalamwezi uliomnyima mawindo.

Wapo wanaosema simba mla watu katumwa na mtu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 tuhuma za namna hiyo ziliishia kwa watu kuuawa na wenzao. Kumtuhumu jirani hakumwondoi nguruwe shambani.

Ufanye nini?

Lindeni kwa makundi, mashamba yanayopakana yakilindwa pamoja. Dungu liwe juu, imara, lenye kuta na mlango. Mwezi mpevu ukishapita, rudi kabla ya magharibi, na usitoke peke yako gizani, hata kwenda chooni. Ukikutana na simba usikimbie: simama, mtazame, piga kelele, rudi nyuma polepole. Usitege nyaya wala sumu. Ni kosa kisheria, na simba aliyejeruhiwa ni hatari zaidi.

Ukiona nyayo, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kijiji ili ofisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Serikali hutoa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini fedha hizo huja baada ya msiba. Kinachohitajika kabla yake ni vijiji kusaidiwa kudhibiti nguruwe, ili mkulima asilazimike kuchagua kati ya chakula na uhai wake.