Kuku Naye Apewe Nafasi ya Kukunjua Mbawa

Wapo wanaoshikilia kuwa kumhurumia mnyama ni jambo la mtu binafsi, la kuachiwa dhamiri ya mfugaji na mfuko wa mnunuzi. Mimi sikubaliani nao. Naona kuwa namna ya kumfungia mnyama anayetulisha ni jambo la umma, na umma una haki ya kuliamua kwa kura. Mfano wa kuzingatia ni jimbo la California, nchini Marekani.

Katika jimbo hilo, raia wakikusanya saini za kutosha huweza kupendekeza sheria wenyewe na kuipigia kura pasipo kulingoja bunge. Hapa kwetu Katiba ya 2010 huruhusu wananchi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa saini milioni moja. Wenzetu hutumia njia hiyo hata kwa sheria za kawaida. Basi tarehe 4 Novemba 2008, siku ile ile Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais, wakazi wa California waliulizwa pia swali jingine: je, nguruwe jike mwenye mimba, ndama anayefugwa kwa nyama laini na kuku wa mayai wapewe nafasi ya kulala, kusimama, kunyosha viungo na kugeuka? Zaidi ya asilimia 63 walikubali.

Msomaji asidhani kwamba wanyama hao walikuwa wakiombewa anasa. Kuku wa kizimba cha waya aghalabu alitengewa inchi 67 za mraba. Hizo ni kama thuluthi mbili za karatasi moja ya A4, na hapo ndipo alipotaga hadi mwisho wa siku zake. Nguruwe naye alifungiwa mahali penye upana wa futi 2 na urefu wa futi 7, akabeba mimba ya karibu miezi minne bila kuweza kugeuka atazame nyuma yake.

Hata hivyo, sheria ya 2008 ilikuwa na upungufu. Haikutaja kipimo, kwa hivyo ukazuka ubishi kuhusu ukubwa wa kizimba kinachotosha. Ndipo wananchi wakarudi kwenye masanduku ya kura tarehe 6 Novemba 2018. Mara hii waliandika hesabu: ndama futi 43 za mraba, nguruwe futi 24, na kuku watolewe vizimbani kabisa. Tena wakapiga marufuku kuuza katika jimbo lao mayai na nyama iliyotokana na ufugaji usiotimiza vipimo hivyo, hata kama mifugo ilikuzwa kwingine. Wafugaji wa nguruwe walikwenda mahakamani, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia tarehe 11 Mei 2023, kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Kuna wanaouliza: ikiwa watu hao wana huruma kiasi hicho, mbona wasinunue tu mayai ya kuku huru, wawaache wengine wanunue watakayo? Swali hili lina mantiki, lakini linasahau hali ya sokoni. Mbele ya rafu ya duka mtu yu peke yake na bei. Mfugaji anayepanua banda hupata gharama, na jirani yake asiyepanua humnyang'anya wateja. Wema wa mmoja huwa hasara yake. Kura huwafunga wote kwa kamba moja, na hakuna anayeadhibiwa kwa kuwa mwema. Hiyo ndiyo kazi ya sheria.

Hoja ya bei ni nzito zaidi. Banda pana lina gharama, na mwenye kipato kidogo ndiye huumia kwanza yai linapopanda. Silipuuzi hilo. Ndiyo maana ni haki wafugaji kupewa muda. Sheria ya 2008 ilianza kutumika mwaka wa 2015. Lakini umaskini wa binadamu hauponywi kwa kumbana kuku. Dawa yake ni mishahara, kodi na misaada ya haki.

Wala kura haimpendelei mtetezi wa wanyama. Tarehe 25 Septemba 2022 raia wa Uswisi waliulizwa kama ufugaji wa kubana wanyama ukomeshwe, na karibu asilimia 63 walikataa. Walishindwa waliopendekeza, lakini taifa zima lilikuwa limelijadili jambo lililozoea kufichwa nyuma ya kuta za mabanda.

Humu nchini vizimba vya waya vimeanza kuzoeleka kwa wafugaji wa kuku wa mayai. Wakati wa kuweka vipimo ni sasa, kabla mikopo haijachukuliwa na vyuma havijachomelewa, maana kubomoa ni ghali kuliko kujenga vyema. Nawasihi walimu walifikishe jambo hili katika midahalo ya shule. Wanafunzi wachore inchi 67 za mraba juu ya dawati, kisha waamue wenyewe. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mnyonge huyo sharti awe na miguu miwili isiyo na kucha.