Halali dukani, hatia barabarani
UAMUZI uliotolewa Ufaransa mnamo Juni 2023 ungali funzo kwa madereva wanaotumia mafuta ya CBD. Dereva aliyepatikana na THC, kiungo cha bangi kinacholewesha, alijitetea kwamba alitumia CBD pekee, ambayo hailewesi. Mahakama ya rufaa ilimwachilia. Mahakama ya juu zaidi ikabatilisha hukumu hiyo, ikisema sheria haikuweka kiwango: hata chembe yatosha kumtia mtu hatiani.

Ilhali bidhaa zenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ziliruhusiwa kuuzwa. England na Wales ziliweka kikomo mwaka 2015: mikrogramu 2 kwa lita ya damu.

Sheria inapohalalisha chupa na kuharamisha masalio yake mwilini, anayeumia ni mnunuzi. Kibandiko cha chupa si kinga mahakamani.